Kwa nini tuktuk huchemsha Malindi, na jua lina hatia kiasi gani?

Muulize dereva wa tuktuk mjini Malindi kwa nini injini yake inachemsha, na mara nyingi atakuonyesha jua. Ana sababu ya kusema hivyo. Mwezi wa Machi, kaskazi ikiwa imelegea na mvua za masika hazijaingia, joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, lami ya Lamu Road inawaka, na chini ya kiti cha abiria kuna injini inayofanya kazi tangu alfajiri. Basi mshukiwa yuko wazi. Ila ukikaa ukapiga hesabu, jua linatoka na kosa dogo tu.

Joto huhama kutoka kwenye chuma cha moto kwenda kwenye hewa kwa kadiri ya tofauti iliyopo kati ya viwili hivyo. Tuseme kichwa cha silinda, yaani kifuniko cha juu cha chumba ambamo petroli huwaka, injini ikiwa kazini, kimefika nyuzi 180, kiwango cha kawaida kwa injini inayopozwa kwa hewa. Mchana wa nyuzi 33 tofauti ni 147. Mchana wa Julai, kusi ikivuma na hewa ikiwa nyuzi 27, tofauti ni 153. Kwa hiyo kutoka msimu wa baridi hadi msimu wa joto, Malindi inainyima injini yako chini ya asilimia 4 tu ya upoaji wake. Hata ungeipakia tuktuk kwenye lori ukaipeleka Limuru asubuhi ya nyuzi 15, faida ambayo ungeipata ni kama asilimia 12. Injini isiyo na kasoro haichemshwi na kiasi hicho. Mwizi mkubwa yuko kwingine, na mara nyingi ni mtu aliyeingia na spana.

Kwanza, moto wenyewe. Petroli inapolipuka ndani ya silinda, gesi zake hupita nyuzi 2000. Pistoni, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, ni ya aluminiamu, na aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660. Haiyeyuki kwa sababu kila mlipuko ni wa kitambo kidogo sana, na joto linaloingia kwenye chuma linaondolewa papo hapo. Kumbuka pia kwamba katika petroli unayonunua, takriban robo tu ya nguvu yake ndiyo inayosukuma magurudumu. Sehemu kubwa iliyobaki ni joto tupu: jingine linatoka na moshi kwenye ekzosi, jingine linachukuliwa na oili, na jingine lazima litoke kupitia mapezi, zile kuta nyembamba zilizoizunguka silinda. Mapezi yanafanya kile anachofanya mzee wa Kibokoni anapomimina chai kwenye kisahani: kulitandaza joto ili hewa ipate pa kuligusa.

Sasa, hewa hiyo inatoka wapi? Kwenye bodaboda jibu ni rahisi, injini iko mbele ya miguu ya dereva na upepo wa barabara unaipiga moja kwa moja. Injini ya tuktuk imefichwa nyuma, chini ya kiti, mahali ambapo upepo wa mbele haufiki. Mpangilio huo una asili yake. Mwaka 1946 kampuni ya Piaggio ya Italia ilitoa Vespa, pikipiki iliyobuniwa na Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege aliyetaka injini ifunikwe isimchafue mpandaji. Injini iliyofunikwa haipati upepo, kwa hiyo ikawekewa feni. Mwaka 1948 ikafuata Ape ya magurudumu matatu, na Bajaj ya India nayo ilianza kwa kutengeneza vyombo vya Piaggio kwa leseni. Wale Waitaliano wanaopanda tuktuk kwenda Casuarina wamekalia mjukuu wa chombo cha kwao, hata kama hakuna anayewaambia.

Feni hiyo ndiyo kiini cha mambo yote. Kwenye tuktuk za petroli tulizozizoea, zenye silinda moja ya sentimita za ujazo karibu 200, imefungwa pamoja na gurudumu zito la injini, upande wa sumaku inayozalisha umeme. Inavuta hewa kutoka nje na kuisukuma ndani ya kava linaloizunguka silinda, ili hewa yote ilazimike kupita katikati ya mapezi. Injini ikizunguka haraka, feni inazunguka haraka. Injini ikizunguka polepole, feni inapiga hewa kidogo. Mwendo wa chombo barabarani hauihusu kabisa, wala upepo ukitoka mbele au nyuma.

Hapo ndipo dereva anapojiumiza bila kujua. Amebeba watu watano badala ya watatu, na mwenye ndoo ya samaki juu yao. Anataka kuokoa petroli, kwa hiyo anawahi kutia gia ya nne, halafu anafungua mafuta hadi mwisho. Injini inaguna, inazunguka taratibu, lakini kila mlipuko umejaa petroli na hewa hadi pomoni kwa sababu mzigo ni mzito. Joto limefika kileleni wakati ambao feni ndiyo kwanza inapepea. Angerudi gia ya tatu, au ya pili kama ni mchangani, injini ingepiga kelele zaidi na wenye haraka wangenung'unika, lakini feni ingefanya kazi yake. Kelele ya injini inayozunguka kwa raha si dalili ya kuteswa. Mguno ndio mateso.

Mchanga wetu nao usiudharau. Malindi haina milima ya kusumbua, ila njia za kuingia ufukweni na zile za vijijini ng'ambo ya daraja la Sabaki kuelekea Mambrui zina mchanga laini ambao gurudumu linauchimba badala ya kuukanyaga. Kwa injini, kuvuka mchanga huo ni sawa na kupanda kilima ambacho macho hayakioni. Tairi zisizo na upepo wa kutosha na breki zinazobana hata ukiuachia mguu zinaongeza kilima kingine. Breki ni rahisi kuzichunguza: baada ya safari, karibisha kiganja kwenye kila gurudumu. Lililo moto kuliko wenzake ndilo linalokamatwa.

Turudi kwenye kava la feni, kwa maana hapa ndipo penye kisa cha gereji. Injini imechemsha, fundi anatazama, anaona imefungiwa ndani ya kava, anaamua kulitoa kava ili injini "ipate hewa". Inaingia akilini, lakini ni kinyume cha ukweli. Bila kava, feni inapuliza hewa ambayo inafuata njia nyepesi na kutawanyika pembeni, mapezi ya upande wa pili yakabaki makavu bila upepo. Kava lililopasuka au kukosa skrubu mbili tatu lina hasara hiyohiyo kwa kiasi kidogo. Kama lako limetolewa, likatafute, liwe kwenye pipa la vyuma au hata uvunguni kwa fundi, ulirudishe.

Kisha uchafu. Oili kidogo inayovuja kwenye gasketi, ile karatasi ya kuziba maungio ya injini, hulowesha mapezi, vumbi la barabarani linanata juu yake, na baada ya miezi kadhaa silinda imevaa blanketi. Pwani tunaongezewa chumvi. Hewa ya baharini hula aluminiamu na kuacha unga mweupe kati ya pezi na pezi, hasa kwa vyombo vinavyolala karibu na maji huko Buntwani au Shella. Dawa ni brashi, mafuta ya taa kidogo ya kulainisha uchafu, na maji baridi, injini ikiwa imepoa kabisa. Angalia pia mahali feni inapovutia hewa. Gunia, tambara la kufutia vioo, au spika kubwa iliyopachikwa nyuma ili muziki usikike mpaka baharini, vyote vinaweza kuziba pua ya injini. Sina neno na muziki. Spika tu isogezwe.

Kuna joto linalotengenezwa kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Petroli ikipanda bei, madereva humwomba fundi "apunguze mafuta". Fundi anakaza skrubu au anaweka jeti ndogo, yaani tundu dogo la kupitishia petroli, na kweli petroli inapungua. Lakini petroli inayoingia ikiwa mvuke huwa inapoza silinda kabla ya kuwaka, na mchanganyiko wenye hewa nyingi kupita kiasi huwaka taratibu, moto ukakawia na kuzichoma kuta na valvu ya ekzosi, mlango unaotolea moshi. Plagi itakuambia ukweli: ncha ya rangi ya kahawia hafifu ni salama, nyeusi yenye masizi inamaanisha mafuta yamezidi, na nyeupe kama chokaa inamaanisha injini inaungua. Mpira unaounganisha kabureta na injini ukipasuka, matokeo ni hayohayo, kwani hewa inaingia kwa mlango wa nyuma. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni balaa jingine, kwa sababu hulipuka kabla ya wakati na injini ikaanza kugonga. Uchakachuaji huo ulienea kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuvunja faida yake.

Kuhusu oili sitarefusha. Ndiyo inayopoza sehemu ambazo hewa haizifikii, ikirushwa chini ya pistoni na kurudi na joto. Ikipungua, kiasi kilichobaki kinabeba mzigo wote. Pima kila asubuhi. Ile ya 20W-50 ndiyo inayotumika sana, na hiyo 50 inaeleza uzito wake ikiwa nyuzi 100, kwa hiyo usiibadilishe na nyepesi kwa sababu ya bei. Nunua ya pikipiki, si ya gari, maana klachi ya tuktuk inaoga kwenye oili hiyohiyo, na oili nyingi za magari hufanya klachi iteleze. Klachi inayoteleza nayo inazaa joto.

Utajuaje kwamba joto limezidi? Nguvu inapungua bila sababu, unasikia mlio mkali kama kokoto ndani ya mkebe, kunanuka oili inayoungua. Dalili ya ajabu kuliko zote ni pale unapozima ufunguo na injini ikaendelea kupiga mara kadhaa: kaboni iliyoganda ndani imekuwa kaa la moto na inawasha petroli bila msaada wa plagi. Usisubiri kufika. Pistoni ya aluminiamu hutanuka kuliko chuma cha silinda, na nafasi kati yao ni sehemu ndogo sana ya milimita. Ikijaa, pistoni inakwama.

Tafuta kivuli cha mwarobaini, weka gia huru, teremsha abiria kwa adabu. Kama oili ipo na injini haigongi, iache ipige polepole kwa dakika moja, kwa sababu feni bado inapuliza. Injini ikigonga, au oili ikiwa imekwisha, zima hapohapo. Kisha fungua mfuniko wa nyuma, usubiri. Maji usimwage. Pezi lililo nje linasinyaa ghafla wakati ndani bado kumetanuka, na kichwa cha silinda kinapinda au kupasuka kwa kitendo kilichokusudiwa kuwa cha huruma.

Vile vya magurudumu matatu vya kubeba mizigo, vingi kutoka China, mara nyingi vina rejeta na maji. Huko sheria ni nyingine. Mfuniko wa rejeta unashikilia shinikizo ndani ili maji yasichemke kwa nyuzi 100, na ukiufungua injini ikiwa moto, maji yanachemka ghafla na kukurukia usoni pamoja na mvuke. Usijaze maji ya kisima. Visima vingi vya mjini vina chumvi, inayokula vyuma na kuziba mirija. Maji ya bomba yanayotoka Baricho ni afadhali, na maji yaliyotoneshwa pamoja na kulanti, dawa ya rejeta, ni bora zaidi.

Injini iliyochemsha mara moja inahitaji kukaguliwa hata kama imewaka tena vizuri: badilisha oili, kwani iliyoungua imepoteza uzito wake, angalia gasketi ya kichwa cha silinda, na pima nafasi ya valvu. Nafasi hiyo hupimwa injini ikiwa baridi, kwa hiyo ilaze tuktuk kwa fundi usiku, aianze asubuhi kabla hujaiwasha.