Shoka Dogo la Kambini: Kulichagua, Kuchanjia Kuni na Kulipitisha Langoni

Kila likizo ya Desemba inapokaribia, malalamiko ya aina moja huongezeka katika ofisi yetu hapa Nairobi. Mtu amelipia eneo la kambi, amefika langoni na familia yake au wenzake wa kazini, na askari wa msitu amelizuia shoka lake dogo. Wengi wa wanaotuandikia ni watu waungwana ambao hawakuwa na nia ya kuharibu kitu. Walitaka kuota moto na kuchoma nyama. Wakati huohuo tunawapokea wageni waliojikata muundi au kidole gumba kwa mashoka ya namna hiyohiyo. Nimeyaweka mambo haya mawili pamoja kwa sababu chanzo chake ni kimoja: shoka dogo limetengenezwa kwa ajili ya kuchanja kuni ambazo tayari zimekatwa na kukauka, na anayelitumia kuangusha tawi au kukata mti hujihatarisha mwenyewe na kuvunja sheria kwa pigo lilelile.

Shoka la mkono mmoja kwa kawaida huwa na mpini wa sentimita 35 hadi 40 na kichwa cha gramu 500 hadi 700, na hilo linatosha kwa kuni ambazo unene wake haupiti ule wa kigasha cha mtu mzima. Kuni zikizidi hapo, tafuta lenye mpini wa sentimita 60 hivi, linaloshikwa kwa mikono miwili, au mwombe muuzaji akupasulie kabla hujazipakia garini, jambo ambalo ni rahisi zaidi. Kichwa chembamba kama kisu huzama ndani ya kuni na kunasa. Kwa kazi ya kuchanja tunataka kichwa kinachonenepa upesi kutoka kwenye makali kuelekea kisogoni, ili kifanye kazi ya kabari na kuzisukuma pande mbili za kuni zitengane. Shoka zuri la kuchongea huenda lisifae kwa kuchanja, na wauzaji wengi hawatakueleza tofauti hiyo usipouliza.

Mpini unastahili kuangaliwa kuliko kitu kingine chochote. Juu ya meza yangu ninapoandika kuna shoka lililoachwa na mgeni mmoja, ambalo mpini wake ulivunjika kwa mshazari sentimita chache chini ya kichwa, na kichwa kikaruka na kupita kando ya hema walimolala watoto. Ukiutazama mpini huo kwenye kitako chake, utaona mistari ya nyuzi za mti imekingama badala ya kwenda sambamba na makali, na mpini wa namna hiyo hauhimili mapigo. Kasoro hiyo ilikuwapo tangu siku shoka liliponunuliwa, ila ilifichwa na rangi nyekundu nzito. Kwa hiyo nunua mpini usiopakwa rangi, ugeuze utazame kitako chake, kisha uzifuate nyuzi kwa kidole kutoka juu hadi chini. Zikitoroka pembeni kabla ya kufika mwisho, rudisha shoka hilo na uombe jingine. Tazama pia kama mbao imelijaza jicho la shoka, yaani tundu la kichwa linaloingizwa mpini, na kama kabari iliyopigwa juu imekaa imara.

Sioni sababu ya kuyadharau mashoka ya jua kali, yaani yanayofuliwa na mafundi wa mitaani. Shoka lililofuliwa na fundi makini kutokana na springi ya lori linaweza kulishinda la dukani linalong'aa, kwa sababu chuma cha springi hushika makali vizuri. Lijaribu kwa tupa: ikiteleza kama inayopita juu ya kioo, chuma ni kigumu kupita kiasi na makali yatameguka, ikichimba bila upinzani, chuma ni laini na makali yatajikunja. Tupa inapaswa kuuma kidogo tu.

Kuna desturi mbili ambazo tumezikanusha mara nyingi, na ambazo bado zinaendelea. Ya kwanza ni kuliloweka shoka lililolegea katika ndoo ya maji usiku kucha ili mpini uvimbe. Mpini utavimba kweli, lakini nyuzi zake zitabanwa ndani ya jicho na kupondeka, na ukikauka utalegea kuliko ulivyokuwa awali, pengine katikati ya kazi siku ya pili. Dawa yake ni kabari mpya au mpini mpya. Desturi ya pili ni kukitia kichwa motoni ili kuchoma kipande cha mpini kilichovunjikia ndani. Makali yakishageuka rangi ya buluu, ugumu wa chuma umekwisha, na hakuna kunoa kutakakourudisha. Fundi pekee ndiye anayeweza kukipa ugumu upya. Kipande hicho hutolewa kwa keekee na nyundo, bila moto wowote.

Sasa nieleze namna ya kuchanja, maana hapa ndipo damu inapomwagika. Watu hudhani kwamba shoka dogo ni salama kuliko kubwa kwa kuwa ni jepesi. Ukweli ni kinyume chake. Shoka la mpini mrefu likikosa kuni mara nyingi huishia ardhini mbele yako, lakini la mpini mfupi, ukiwa umesimama, hufuata mzunguko wa mkono na kuishia gotini au kwenye muundi. Kwa sababu hiyo, mwenye shoka dogo hupiga magoti. Piga magoti mbele ya gogo pana la kuchanjia, gogo likiwa kati yako na makali, na usimamishe kuni upande wa gogo ulio mbali nawe, ili pigo lililokosa lizame kwenye gogo au kwenye udongo. Asiwepo mtu ndani ya duara la mkono wako ulionyooshwa pamoja na shoka, mbele, nyuma wala pembeni, na watoto wakae mbali zaidi ya hapo.

Kuni nyembamba hazihitaji pigo la juu hata kidogo. Weka makali juu ya kichwa cha kuni, pale penye ufa mdogo wa kukauka, uvinyanyue vyote viwili pamoja na uvishushe juu ya gogo kwa wakati mmoja. Kuni itapasuka kwa uzito wake. Ikikataa, acha shoka likiwa limenasa humo na ulipige kisogoni kwa kipande kingine cha kuni. Usilipige kwa nyundo wala kwa kisogo cha shoka jingine, kwa sababu vyuma viwili vigumu vikigongana huruka vipande vidogo vinavyoweza kutoboa jicho. Mkono mwingine usishike kuni wakati shoka linashuka. Nimewaona watu wazima wakifanya hivyo mbele ya watoto wao, na siwezi kulieleza jambo hilo kwa upole: ni kuchezea vidole vyako na kuwafundisha wanao kuchezea vyao. Kazi hii imalizwe kabla ya giza, na asiifanye aliyekwisha kunywa pombe.

Kuni kavu utazijua kwa nyufa zilizotawanyika kama nyota kwenye ncha zake, na kwa mlio mkavu zinapogonganishwa. Saipresi huchanjika kwa urahisi na huwaka upesi, lakini hurusha cheche, basi isiwekwe karibu na hema. Mkaratusi una nyuzi zilizosokotana, na mvinje ni mgumu sana. Yote miwili ichanjwe nyumbani kwa shoka kubwa. Hata kuni zilizonyeshewa huwa kavu ndani, na faida kubwa ya shoka dogo katika baridi ya misitu ya Aberdare au Kereita ni kuufikia moyo huo mkavu, ukauchanja hadi upate vibanzi vyembamba vya kuwashia.

Nimalizie na sheria. Sheria ya Kenya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, katika kifungu cha 64, inamkataza mtu asiye na leseni, kibali au makubaliano ya usimamizi kukata, kuchukua, kuchoma au kuondoa mazao ya msitu, kuwasha moto, na hata kuwa na msumeno wa injini au zana za kukatia miti ndani ya msitu. Askari anapolitazama shoka lako, anakitazama kifungu hicho. Adhabu inayotajwa ni shilingi 100,000 au kifungo cha miezi 6, au zote mbili, na mahakama inaweza kuamuru mkosaji alipe fidia na zana zilizotumika, pamoja na gari, zichukuliwe na serikali. Tunajibiwa kila mara kwamba mti ulikuwa umeanguka wenyewe. Mazao ya msitu katika sheria hiyo ni pamoja na kuni, majani, mboji na hata mawe. Mti kuanguka wenyewe hakukufanyi wewe kuwa mwenye mti. Kina mama unaowakuta wakitoka msituni na mizigo ya kuni kichwani wamelipia kibali chao, wengi wao kupitia vyama vya jamii vya misitu. Kibali cha kambi ni kitu kingine.

Basi uliza unapoagiza nafasi, si unapofika langoni, kama moto wa kuni unaruhusiwa na kama shoka linaruhusiwa, kwa sababu kila kambi ina masharti yake na katika hifadhi za taifa hutumika sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Nunua kuni na uweke risiti. Malipo ya serikali yapite eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, yasiwekwe mkononi mwa mtu yeyote. Shoka lisafirishwe likiwa ndani ya ala ya ngozi au limefungwa kipande cha mpira wa tairi, ndani ya buti la gari, na ulitaje mwenyewe kabla ya kukaguliwa. Anayesafiri kwa treni ya SGR, yaani ya reli ya kisasa, aliache nyumbani, kwa kuwa vitu vyenye makali havipiti ukaguzi wa stesheni, na akafike kambini na kuni alizochanjiwa na muuzaji.