Tazara na reli ya kati ni vitu viwili, jamani

Juzi tena. Kijana kaja na mke, mtoto na ndoo ya dagaa, boda kamshusha stesheni ya Tazara pale Nyerere Road, anaulizia treni ya Kigoma, ambayo ni ya reli ya kati. Huyo simlaumu. Aliyenichosha ni wa jioni kwenye grupu, ati "si waunganishe tu mabehewa ya Tazara na ya reli ya kati, reli ni reli". Nimeshika mataruma miaka mingi, hiyo kauli nimeisikia hadi naiota usingizini, sasa naandika mara moja halafu kila atakayeuliza namtumia linki.

Haraka haraka: reli ya kati ni ya Mjerumani, alianza Dar 1905 akafika Kigoma 1914, geji, yaani upana kati ya reli mbili, milimita 1000. Tazara Mjerumani hakuigusa, walijenga Wachina na Watanzania na Wazambia, 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, ikakabidhiwa 1976. Geji 1067. SGR, ile reli mpya, ni 1435. Twende.

Hizo milimita 67 ndo watu wananichekea, "sentimita saba hazifiki, mnashindwa?" Ndiyo, tunashindwa. Gurudumu limebanwa kwenye ekseli, halisogezwi kama kiti cha daladala, na ukipeleka bogi ya Tazara kwenye reli ya kati ule ukingo wa gurudumu utakaa juu ya reli badala ya kushuka ndani. Basi mjuaji anasema wekeni reli ya tatu pembeni, kila treni ichague yake. Bana! Kitako cha reli peke yake kinazidi sentimita kumi, sasa hiyo ya tatu unaiweka wapi, juu ya mwenzake? Yaani kwa sababu geji zimekaribiana mno ndo haiwezekani, ingekuwa Tazara na SGR hapo tungeongea. Ndo maana Kidatu, mahali reli hizi mbili zinapokutana, mzigo unahamishwa.

Kwa nini 1067? Zambia. Walirithi reli ya geji hiyo kutoka kusini, Ian Smith wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, alipojitangazia uhuru wake Novemba 1965 shaba yao ikawa inapita mlangoni kwa adui, wakahitaji njia ya Dar, na behewa la shaba litoke kule lifike bandarini bila kupakuliwa. Hata treni ya abiria ya ekspresi ikaitwa Mukuba, kwa Kibemba ni shaba. Ile ya kawaida ikaitwa Kilimanjaro, mlima ambao hutauona hata ukae juu ya paa la behewa.

Sasa hapa nakiri kitu. Zamani nilikuwa naitetea hiyo 1067 kwa ngumi, na kwa shaba bado naitetea. Ila abiria je? Treni yake inaishia New Kapiri Mposhi, anashuka na mabegi anatafuta basi la Lusaka, geji iwe sawa isiwe sawa. Upande huu, mama wa Ifakara mwenye mchele hawezi kukaa kwenye behewa lilelile mpaka Tabora. Na ukiipanda Kilimanjaro, pale kati ya Mlimba na Makambako treni inapojikokota kwenye mahandaki na madaraja, unaona wanaoijaza ni hao hao, ndizi na magunia yanapitishwa dirishani, wa kwenda Zambia wako wachache wamelala daraja la kwanza. Kwa hiyo sijui kama mwaka ule mtu aliyekaa mezani alimfikiria huyu mama. Angemfikiria, pengine bado angechagua 1067, Rais Kaunda wa Zambia alikuwa amebanwa kweli.

Kijana wa Kigoma nilimtafutia bajaji ya kwenda stesheni ya reli ya kati mjini. Kabla hajaondoka akaniuliza, "mzee, kwani hii yenu haipiti Tabora kabisa?"