Bendi ya panki inayojitegemea ni bendi ya namna gani?

Ukitaja panki, wengi wetu tunaona kichwa kwanza: pembeni pamenyolewa, katikati nywele zimesimama kama shungi la jogoo. Nywele zilikuja baadaye. Kilichotangulia ni muziki, panki roki, uliochipuka New York na London katikati ya miaka ya 1970: nyimbo za dakika mbili, ngoma za mbio, gitaa lenye mkwaruzo na mwimbaji asiyeomba radhi kwa sauti aliyonayo. Na kila anayesimulia habari za muziki huo haachi kutaja bendi fulani kwamba miaka yake ya mwanzo "ilikuwa huru". Huru na nini?

Mimi neno "huru" hapa silipendi sana. Linatufanya tuwaze vijana wasio na bosi, wanaopiga wanachotaka na kuamka saa saba mchana. Neno lililo karibu zaidi na ukweli ni kujitegemea. Bendi inayojitegemea ni ile inayorekodi, kutoa na kuuza muziki wake bila kampuni kubwa kuugharimia na kuumiliki. Basi. Si lazima iwe maskini, ingawa mara nyingi huwa maskini. Si lazima iwe inasubiri kugunduliwa. Wala neno hilo halituambii lolote kuhusu mlio wake.

Tena, panki na kujitegemea ni vitu viwili, na kuvichanganya ni kosa la kawaida. Bendi mbili za panki zilizovuma kuliko zote Uingereza hazikujitegemea hata kidogo. Sex Pistols walisaini na kampuni kubwa ya EMI Oktoba 1976, wakatemwa, wakasaini na A&M Machi 1977, wakatemwa tena baada ya siku chache tu, wakaishia Virgin. The Clash walisaini na kampuni ya CBS Januari 1977 kwa pauni 100,000. Zilikuwa panki kweli, lakini kwa upande wa hati na hundi zilikuwa bendi za kampuni kama bendi nyingine yoyote.

Kampuni inaposaini bendi hutoa malipo ya awali. Kijana wa miaka 20 akiiona ile tarakimu hudhani ni mshahara, kumbe ni kama mkopo: gharama za studio na nyinginezo hukatwa kwenye mirabaha ya bendi mpaka deni liishe. Na likiisha, kanda mama, yaani ile rekodi ya asili inayozaa nakala zote, kwa kawaida hubaki mali ya kampuni. Mwenye kanda mama ndiye anayeamua muziki utoke lini, kwa jalada gani, na kama utachapishwa tena au utaachwa kabatini uote vumbi. Ukitaka kujua bendi inajitegemea au la, usihangaike na mavazi yao. Uliza kanda iko kwa nani.

Mfano unaonoga kuliko yote ni wa Manchester. Mwanzoni mwa 1976 wanafunzi wawili wa chuo kimoja cha Bolton, Howard Devoto na Pete Shelley, walisafiri kwenda kusini kuwaona Sex Pistols. Waliporudi waliunda bendi, Buzzcocks, wakawaalika Sex Pistols kwao na kuandaa onyesho lenyewe tarehe 4 Juni 1976. Walitaka wapige nao siku hiyo, ila bendi yao haikuwa tayari. Wakapiga nao mwezi uliofuata. Angalia hapo: kabla hawajawa wanamuziki wa maana, tayari walikuwa wamekodi ukumbi na kuuza tiketi. Miaka ya mwanzo ya bendi inayojitegemea huwa hivyo. Kazi ya ofisi huanza kabla ya kazi ya jukwaa.

Kisha wakataka sahani ya santuri. Kampuni kubwa zilikuwa London, na London haikuwa ikiitazama Manchester. Wakakopa kama pauni 500 kwa marafiki na jamaa, akiwamo baba yake Shelley, wakaingia studio tarehe 28 Desemba 1976. Fundi aliyesimamia rekodi alikuwa Martin Hannett, ambaye wakati huo alijiita Martin Zero. Nyimbo nne zikakamilika siku hiyohiyo. Sahani ikaitwa Spiral Scratch, nayo lebo, yaani kampuni ndogo ya kutolea sahani, waliyoibuni kwa ajili yake wakaiita New Hormones. Picha ya jalada ilipigwa na meneja wao, Richard Boon, kwa kamera ya Polaroid, bendi imesimama chini ya sanamu mjini.

Nyuma ya jalada ndiko kwenye utamu. Wameandika kila wimbo ulipatikana kwenye jaribio la ngapi, la kwanza au la tatu, na kama kuna gitaa lililoongezwa juu yake baadaye. Siri za jikoni zikaanikwa sebuleni. Bendi za wakati huo zilipenda shabiki aamini kwamba sahani hushuka kutoka mbinguni. Hawa wakamwonyesha kwamba ni kazi ya mchana mmoja yenye hesabu zake. Hata muziki wenyewe ulisema hivyo: katika mmoja wa nyimbo zile, mahali ambapo mpiga gitaa hutegemewa kuonyesha ufundi wake, Shelley anapiga noti mbili tu, anazirudia na kuzirudia kama king'ora. Ni mzaha, lakini mzaha wenye darasa ndani yake.

Walichapisha nakala 1,000 wakitumaini kurudisha deni. Zikaisha upesi, wakachapisha nyingine, hadi mauzo yakafika kama 16,000. Devoto hakungoja kuyaona hayo. Aliacha bendi mapema 1977, na Shelley akashika maikrofoni.

Kwa nini 1,000, kwa nini si 50? Kwa sababu ya jinsi sahani inavyotengenezwa. Sauti ya kwenye kanda huchongwa kwanza juu ya bamba lililopakwa laka, bamba hilo hupakwa metali, na metali ikibanduliwa hupatikana umbo la kutengenezea mihuri ya kugandamizia plastiki ya vinili. Gharama kubwa iko kwenye kuchonga na kutengeneza mihuri. Ukishavuka hapo, kila nakala ni senti. Kutengeneza nakala chache ni hasara ya wazi, na kutengeneza nyingi bila wanunuzi ni kulala na maboksi chini ya kitanda. Bendi nyingi zimelala nayo.

Baada ya Spiral Scratch ikazuka tabia ninayoipenda kuliko muziki wenyewe, Mungu anisamehe: kutangaza gharama. The Desperate Bicycles wa London walitoa sahani yao ya kwanza 1977 kwa pauni 153, kisha wakawa wanawaimbia wasikilizaji kwamba ilikuwa rahisi, ilikuwa nafuu, nanyi nendeni mkafanye. Scritti Politti mwaka 1978 wakaorodhesha kwenye jalada gharama za studio, za kuchonga, za kiwanda na za karatasi za lebo. Ukinunua sahani ile ulikuwa umenunua nyimbo pamoja na maelekezo ya kutengeneza ya kwako. Ni kama mpishi anayekuuzia sahani ya chakula akakuachia na daftari lake.

Ng'ambo ya Atlantiki, mjini Washington, mambo yalianza kwa kisanduku cha sigara. The Teen Idles walikuwa bendi ya vijana wanne. Walipiga kwa takriban mwaka mmoja, na kila walicholipwa kiliingia kisandukuni. Hakuna aliyechukua hata nauli. Bendi ilipovunjika mwishoni mwa 1980 walikuta mna dola mia kadhaa. Wagawane, au wazichapishie sahani nyimbo walizokuwa wamekwisha kurekodi? Wakachagua sahani. Ndipo watatu kati yao, Ian MacKaye, Jeff Nelson na Nathan Strejcek, wakaanzisha Dischord, lebo iliyozaliwa kuizika bendi ambayo tayari ilikuwa imekufa.

Majalada walitengeneza wenyewe. Walichukua jalada la sahani kutoka Uingereza, wakalibandua gundi taratibu, wakalitandaza mezani na kufuatisha umbo lake kwa kalamu. Wakapeleka mchoro kwa mchapaji, karatasi zikarudi, wakakaa na mikasi: kata, kunja, paka gundi, bana. Mara elfu moja. Anayedhani kujitegemea ni kupiga gitaa kwa hasira ajaribu kukata makaratasi elfu moja kwa mkasi.

Picha iliyo kwenye jalada hilo ni mikono miwili iliyopishana, kila kiganja kimechorwa X nyeusi mgongoni. Alama hiyo nayo ilitokana na shida ya kawaida ya bendi changa. Kumbi nyingi za Marekani ziliishi kwa kuuza pombe, na sheria ya pombe ilimzuia kijana mlangoni, hata kama kijana huyo ndiye mpiga besi. The Teen Idles walipokwenda kupiga California mwaka 1980, ukumbi mmoja wa San Francisco, Mabuhay Gardens, uliwachora X mikononi ili mhudumu wa baa asiwauzie kinywaji. Wakarudi na wazo hilo Washington: turuhusuni tuingie, tuchoreni X, hatutakunywa. Baadaye X ikawa nembo ya vijana waliokataa pombe na dawa za kulevya kwa hiari yao, lakini mwanzo wake ulikuwa wino wa bawabu.

Fedha za sahani ya kwanza zilipaswa kulipia ya pili, ila hazikurudi haraka. Sahani ya S.O.A., bendi ya rafiki yao, ikalipiwa na mwimbaji wake mwenyewe, Henry Garfield, kwa mshahara wa kuuza aiskrimu. Ndiye aliyejulikana baadaye kama Henry Rollins, alipohamia bendi ya Black Flag mwaka 1981. MacKaye na Nelson wakaunda bendi nyingine, Minor Threat, na Dischord ikaendelea hivyohivyo, ikifanya kazi na bendi bila mikataba ya maandishi.

Black Flag wa Hermosa Beach, California, wana kisa chao. Mpiga gitaa Greg Ginn tangu utotoni alikuwa na kibiashara cha kuuza kwa posta vifaa vya redio za mawasiliano, kikiitwa SST. Bendi ilirekodi nyimbo zake za kwanza Januari 1978, lebo ndogo ikaahidi kuzitoa, ikasuasua. Ginn akafungua kitabu cha simu, akatafuta viwanda vya kugandamiza sahani, akakipata kimoja, akapiga. Akaipa SST ileile kazi mpya: kuwa lebo. Mtu aliyezoea kufunga vifurushi na kubandika stempu hahitaji kufundishwa lebo ni nini. Nembo ya mistari minne na vipeperushi vilichorwa na ndugu yake, Raymond Pettibon, kwa hiyo hata idara ya sanaa ilikuwa ya ukoo.

Majirani zao Minutemen wa San Pedro waliufanya ubahili kuwa falsafa. Waliingia studio baada ya saa sita usiku, bei inapokuwa chini, wakarekodi juu ya kanda zilizokwisha kutumika, na wakapiga nyimbo kwa mpangilio uleule utakaokuwa kwenye sahani ili wasimlipe fundi wa kuzipanga. Ukisikiliza sahani zao za mwanzo unasikia bajeti, na kwa maoni yangu inazipendeza.

Sasa mahali ambapo wengi hujikwaa: usambazaji. Kutengeneza sahani 1,000 ni jambo moja, kuzifikisha kwenye maduka ya miji 40 ni jingine. Duka huchukua kwa mali kauli, msambazaji hulipa baada ya miezi, kiwanda kinataka chake leo. Hivyo sahani inayouzika vizuri inaweza kuifilisi lebo ndogo kuliko inayododa: wateja wanadai nakala zaidi, na fedha za zile za kwanza hazijarudi. Ndiyo maana duka la Rough Trade, lililofunguliwa London 1976, lilikuwa na uzito kuliko bendi nyingi zinazotajwa. Lilinunua maboksi kwa vijana waliobisha hodi, na kutokana na kazi hiyo ukakua mtandao wa maduka uliozunguka Uingereza yote.

Black Flag waliuonja ubaya wa mlango huo. Mwaka 1981 waliingia mapatano ya usambazaji na kampuni iitwayo Unicorn. Yakavurugika, wakafika mahakamani, na amri ikatolewa isiyowaruhusu kutoa muziki mpya kwa jina lao. Mkusanyiko wa nyimbo zao za zamani ukatoka bila jina la bendi kwenye jalada, kumeandikwa majina ya wanamuziki tu. Lebo ilikuwa yao, wimbo wao, kanda yao; kilichofungwa ni njia ya kwenda dukani, na hiyo ikatosha kuwanyamazisha hadi Unicorn ilipofilisika mwaka 1983.

Na je, bendi ikisaini baadaye, kujitegemea kwake kwa mwanzo kunafutika? Buzzcocks walisaini na kampuni ya United Artists tarehe 16 Agosti 1977, haijatimia miezi saba tangu Spiral Scratch itoke, kwenye baa ya ukumbi mmoja wa Manchester, siku aliyofariki Elvis Presley. Mkataba wao uliwaachia maamuzi ya kisanaa, jambo ambalo pengine wasingelipata kama wangefika mikono mitupu. Na zile nyimbo nne hazikwenda nao, kwa kuwa hazikuwa mali ya United Artists. Mwaka 1979, bendi ikiwa imeshapata jina, New Hormones wakaitoa Spiral Scratch upya, na kwenye jalada wakaongeza maneno yanayomtaja Howard Devoto. Ikapanda hadi nafasi ya 31 kwenye chati ya Uingereza, na noti zake mbili.