Bati la zinki halifai kwa tangi la dizeli
Ukitafuta tangi la ziada la pikapu ya dizeli, utasikia: tengeneza la bati la zinki, halishiki kutu. Kwa tangi la maji, sawa. Dizeli ni habari nyingine. Ikikaa, hasa maji yakiingia, hujitengenezea asidi kidogo. Asidi hiyo hula zinki na kuacha sabuni ya zinki, utando mzito unaoziba filta kisha nozeli, yaani vipulizia dizeli vya injini. Na bei ya nozeli unaijua!

Chuma cheusi cha kawaida, kisichopakwa zinki, kinafaa zaidi, mradi tangi lisikae nusu tupu likakusanya unyevu, na maji ya chini yamwagwe kila mara. Alumini ni nyepesi na haina shida, ila inataka mchomeleaji anayeijua. Mabomba ya shaba nayo yaepuke: huharakisha dizeli kuharibika.