Watu wachache wakipiga kura, uchaguzi wa rais haufutwi

Kila kampeni za urais zikianza, ujumbe uleule huzunguka kwenye makundi ya simu hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni: “Kampeni ni maneno matupu. Tukae nyumbani, wasipofika nusu ya waliojiandikisha, uchaguzi unafutwa.”

Si kweli. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 41(6), inampa ushindi mgombea aliyepata kura nyingi zaidi kuliko mwingine yeyote. Haikuweka kiwango cha chini cha wapigakura. Wakijitokeza wachache, hao wachache ndio wanaoamua.

Nadhani watu wanachanganya na utaratibu wa zamani. Hadi mabadiliko ya mwaka 2000, mshindi alitakiwa kupata zaidi ya nusu ya kura halali. Lakini hata hiyo ilikuwa nusu ya kura zilizopigwa, si ya watu walioandikishwa.

Kuchoshwa na ahadi za majukwaani kunaeleweka, tena sana. Ila uamuzi wa kubaki nyumbani usijengwe juu ya uongo. Ukiletewa ujumbe huu usiusambaze. Mwulize kwa upole aliyeutuma ni ibara ipi inayosema hivyo. Katiba imeandikwa kwa Kiswahili, na ibara hiyo inasomeka pale pale barazani, kahawa haijapoa.