Je, wajua kwa nini papa hana mifupa?

Kisu kinachokwama kwenye uti wa nguru hupita kwa wepesi kwenye uti wa papa mdogo. Kiunzi cha papa ni gegedu, tishu ileile inayolipa sikio la binadamu umbo lake. Taa yuko vivyo hivyo, na kimera, samaki wa kina kirefu ambaye wengi hatujawahi kumwona sokoni, naye yuko vivyo hivyo. Wote wamo katika ngeli moja, Chondrichthyes, yenye spishi zaidi ya 1,200.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba papa ni samaki wa kale mno, aliyetokea kabla ya mfupa kuwapo. Maelezo hayo hayasimami. Mfupa ulitangulia, na ukoo wa papa ukauacha njiani.

Zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita walikuwako samaki wasio na taya waliovaa deraya ya mfupa. Baadaye wakaja plakodemu, samaki wa mapema wenye taya, nao wamefunikwa sahani za mfupa kichwani na kifuani. Waliotetea maelezo ya zamani walikuwa na hoja nzuri: huo ni mfupa wa ngozini, na kiunzi cha ndani kilikuwa bado gegedu. Hoja hiyo ilipata pigo mwaka 2020, ulipotangazwa uchunguzi wa Minjinia, plakodemu wa Mongolia mwenye umri wa miaka kama milioni 410. Ndani ya fuvu lake mlikuwa na mfupa wenye vyumbavyumba, ule unaojijenga mahali pa gegedu. Miaka miwili baadaye, kutoka China, akatangazwa Shenacanthus, samaki wa sentimita mbili hivi aliyeishi miaka milioni 436 iliyopita. Yuko upande wa ukoo wa papa, lakini mabega yake yamezungushiwa sahani kama za plakodemu.

Kuna pia akanthodi, samaki wadogo wenye mwiba mbele ya karibu kila pezi. Kwa zaidi ya karne moja walihamishwahamishwa, mara kwa papa, mara kwa samaki wa mifupa. Leo wanawekwa kwenye shina la ukoo wa papa, nao walikuwa na mfupa katika ngozi yao.

Mfupa ulipoteaje? Mifupa mingi ya kiinitete cha binadamu huanza kama gegedu, kisha gegedu huliwa taratibu na mfupa ukachukua nafasi yake. Kwa papa hatua hiyo ya pili haifiki. Mwaka 2014 ilisomwa jenomu nzima, yaani jumla ya vinasaba, ya Callorhinchus milii, kimera wa Australia na New Zealand, ikaonekana hana familia ya jeni iitwayo SCPP, ambayo samaki wenye mifupa huitumia kutengeneza protini za kukamata madini ya kalisi. Jeni moja ya familia hiyo ilipozimwa kwa samaki mdogo wa maabara, mifupa yake ilidhoofika.

Hata hivyo papa hakubaki laini. Uso wa gegedu lake umetandazwa vigae vidogo vya kalisi, vingi havifiki milimita moja, vikiunganishwa kwa nyuzi. Taya hupata ugumu bila kuwa nzito. Wepesi huo una maana kubwa kwa samaki asiye na kibofu cha hewa, anayetegemea mafuta ya ini kupunguza kuzama. Kwa baadhi ya spishi ini hufikia robo ya uzito wa mwili. Ila wepesi ni faida iliyopatikana, hautoshi kuthibitisha kwamba ndio uliosababisha mfupa kupotea.

Hasara yake tunaiona sisi tunaotafuta visukuku, mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka jiwe. Gegedu huoza upesi, meno hubaki. Papa humwaga maelfu ya meno katika uhai wake, kwa hiyo historia ya ukoo huu imeandikwa zaidi kwa meno, na meno peke yake hupotosha. Mfano mkubwa ni Helicoprion, aliyepewa jina mwaka 1899 na Karpinsky wa Urusi kutokana na meno yaliyojikunja duara kama ganda la konokono. Wataalamu waliyachora juu ya pua, kwenye mkia, hata kwenye pezi la mgongo. Mwaka 2013 sampuli ya Idaho, Marekani, yenye meno 117, ilipigwa picha za skana, na mabaki ya taya yaliyobaki ndani ya jiwe yakaonyesha kwamba duara lile lilikaa katikati ya taya la chini. Muundo wa taya hizo ukamsogeza upande wa kimera. Kumbe hakuwa papa.

Kimera ndio wanaounda kundi dogo la ngeli hii, Holocephali, lenye spishi zaidi ya 50: matamvua yao yana kifuniko kimoja kila upande, taya la juu limeungana na fuvu, na badala ya meno ya kumwaga wana sahani za kusagia zinazoendelea kukua. Waliobaki wote ni Elasmobranchii, wenye matundu ya matamvua yaliyo wazi, matano hadi saba kila upande.

Ndani ya kundi hilo, mgeuze samaki. Matundu yakiwa chini ya mwili ni taa. Yakiwa pembeni ni papa. Umbo la nje lisikudanganye. Papa upanga anayefahamika pwani yetu ana matundu chini, hivyo ni taa. Yuko mwingine mwenye msumeno, Pristiophorus, mwenye matundu pembeni na ndevu mbili katikati ya msumeno, na huyo ni papa kweli. Kufanana kwao kuliwashawishi wanasayansi wa miaka ya 1990 kwamba taa wote walitokana na papa wa aina hiyo. Vinasaba vilikataa mwaka 2003: taa ni tawi lao peke yao, sambamba na papa wote.

Kwa papa, tazama pezi dogo la chini, nyuma ya tundu la haja. Asipokuwa nalo, yumo katika Squalomorphii, wengi wao wa maji ya kina. Wachache wa kundi hilo, wenye matundu sita au saba, wanalo. Akiwa nalo na matundu matano, ni Galeomorphii. Hapo ndipo alipo potwe, papa mkubwa wa kisiwa cha Mafia. Anachuja vijidudu vya maji kama Cetorhinus, papa mwingine mkubwa wa bahari baridi, lakini vinywa vyao vilifikia kazi hiyo kila kimoja kwa njia yake: potwe ni wa oda moja na papa wanaolala sakafuni mwa bahari, Cetorhinus ni wa oda ya papa mweupe.