Povu la kifafa haliambukizi

Huku kwetu Dodoma, mtu akianguka kifafa wengi hurudi nyuma: eti povu likikugusa, nawe umeupata. Si kweli. Povu ni mate tu ambayo mgonjwa hawezi kuyameza wakati ule.

Kifafa kiko ubongoni. Seli za ubongo hupeana ishara, nyingine za kuchochea, nyingine za kutuliza. Mtulizaji mkuu ni kemikali iitwayo GABA: hufungua vijilango vya seli, kloraidi (chembe zenye chaji hasi) ikaingia, seli ikapoa. Utulivu huo ukizidiwa, seli nyingi hurusha ishara kwa mkupuo, na mtu huanguka. Fenobabitoni, dawa ya kifafa inayotumika tangu 1912, huipa GABA nguvu. Kuiacha ghafla kwaweza kuleta degedege kali.

Wanaoniuma moyo zaidi ni walioangukia motoni wakaachwa waungue, kwa kuogopa mate.